Maua Meupe Sebuleni

Jumanne, 9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru. Sijafungua duka. Uji wa Mama asubuhi, dawa ya presha, kumgeuza. Kwangu anafumba mdomo. Kwa mume wangu Maduhu anafumbua, basi nimemwachia kijiko. Ni mama yake.

Tangu kiharusi kimpige kule kijijini Nkoma yuko kwetu. Mkono wa kulia umekufa, mguu pia. Maneno yameondoka. Limebaki moja, "yaya," hapana ya Kisukuma. Analitumia kwa kila kitu. Kitanda chake tumekiweka sebuleni karibu na dirisha kwa sababu mlango wa chumbani ni mwembamba.

Mchana boksi la maua limefika kwa basi kutoka Mwanza. Okidi nyeupe, majani ya mkaratusi, matawi makavu yaliyopakwa rangi. Yote ya plastiki isipokuwa matawi. Akina mama wa kanisa wamenipa kazi ya pambo la madhabahuni la Krismasi. Maua mabichi yananyauka kabla mahubiri hayajaisha. Mwaka huu wanataka la kisasa, na likae hadi Januari.

Alhamisi, 11 Desemba
Paa la duka linavuja. Nimehamishia kazi sebuleni.

Okidi zimekunjamana kwenye boksi. Birika jikoni, kila ua juu ya mvuke, petali zinalegea, ninazifungua kwa kidole. Halafu kuziosha, zina harufu ya kiwandani. Nimezianika kwenye kamba nyuma ya nyumba. Jirani amesimama akizitazama.

Mama pia anatazama. Siku nzima hajalala.

Ijumaa, 12 Desemba
Chombo ni cheusi, kirefu, chembamba. Kokoto na saruji chini ili kisianguke, sifongo juu. Matawi matatu, yote yameinamia upande mmoja. Okidi ziko chini, chache. Upande wa pili hakuna kitu. Ndivyo la kisasa lilivyo, nusu yake ni nafasi. Ninalipenda.

Mama amesema "yaya" mara nyingi leo. Nikadhani ni mkojo. Si mkojo. Nikadhani ni jua la dirishani. Nikavuta pazia. Akaendelea.

Jumapili, 14 Desemba
Sijaenda kanisani. Maduhu ameondoka na lori la mbegu. Nimebaki na Mama.

Hajala. Nimejaribu uji, nimejaribu wali laini, nimejaribu maziwa mgando ambayo hajawahi kuyakataa. Kafumba mdomo. Macho yako kwenye pambo, si kwangu.

Hatujawahi kugombana, mimi na yeye. Hatujawahi kupendana pia. Tangu niolewe ni salamu, magoti, kazi. Sikutegemea kwamba nitakuja kumwogesha.

Jumatatu, 15 Desemba
Maduhu amerudi. Hata kwake hajala. Maji tu.

Muuguzi amekuja. Presha si mbaya. Hakuna kiharusi kipya. Kasema wazee wakati mwingine wanaamua. Wanaamua nini, hakusema. Maduhu akatoka nje akakaa kwenye lori.

Nimeongeza okidi mbili. Nimezitoa tena.

Jumatano, 17 Desemba
Nimetoka dukani saa tisa. Pambo liko sakafuni. Mama kavuta kitambaa cha meza kwa mkono wa kushoto, na chombo kimekuja nacho. Tawi moja limevunjika. Okidi mbili amezinyofoa petali zote. Bado alikuwa na petali kwenye ngumi.

Nilikasirika. Nikawaza maneno ambayo sitayaandika. Nikafagia. Nikambadilisha shuka bila kumtazama.

Yeye alikuwa analia. Nikamwacha alie.

Alhamisi, 18 Desemba
Ngolo kaja asubuhi kutoka Lamadi, na sangara wa kukaushwa kwenye ndoo. Ni dada yake Maduhu, anauza samaki. Jirani ndiye aliyempigia simu. Hakunisalimia. Kaingia moja kwa moja kwa mama yake. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama yake. Akakaa kitandani, wakaongea, yaani Ngolo aliongea na Mama akanyoosha kidole. Kwenye pambo. Kisha kwenye kifua chake mwenyewe. Kisha chini, kwenye sakafu, chini kabisa.

Ngolo akaja jikoni.

"Wifi, unamtengenezea mama shada naye angali hai?"

Sikuelewa.

"Mbele ya macho yake? Siku zote hizi? Hata jirani kaona maua yameanikwa, kajua kuna msiba unaandaliwa."

Nikasema ni ya Krismasi. Ya kanisani. Ngolo akanitazama kama mtu anayeambiwa samaki ameota miguu.

Kwao Krismasi ni puto na karatasi za rangi. Maua meupe ya plastiki yamewahi kuingia kwenye familia hii mara moja tu. Tulipomzika baba mkwe. Niliyanunua mimi. Yalikuwa meupe hivi hivi, na Mama ndiye aliyeyaweka juu ya udongo.

Kwa hiyo amelala hapo akiniona nikipika maua yake kwenye mvuke. Nikiyaosha. Nikirudi nyuma hatua moja kuona kama yamependeza.

Nimejisikia vibaya.

Ijumaa, 19 Desemba
Ngolo kamweleza kwa Kisukuma, taratibu, mara tatu. Mama kasema "yaya." Maduhu kamweleza. "Yaya." Haamini. Ningekuwa yeye nami nisingeamini. Nani amwambie mgonjwa ukweli?

Ngolo anataka niache kazi, maua yatupwe. "Mwambie mwenyekiti wa akina mama mgonjwa kazidiwa. Kwani ni uongo?" Si uongo. Amebaki mifupa na macho.

Maduhu anasema nihamishie dukani. Nimefikiri. Nikiyaficha, atajua tunaficha jeneza pia. Yatabaki sebuleni. Ngolo kaniita mkaidi. Sawa.

Jumamosi, 20 Desemba
Nimesogeza meza hadi ikagusa kitanda chake. Tumeweka mito mgongoni, Ngolo kamshikilia. Nimeanza upya mbele yake, tangu sifongo.

Nimempa okidi ashike. Kaitupa. Nimeokota, nimempa jani. Kalitupa. Nikampa tena. La tatu hakutupa, nadhani alichoka. Nikawa nakata waya na yeye kashika majani, kila nikihitaji moja nachomoa kwenye mkono wake. Hatukutazamana.

Ngolo akatutazama wote wawili. "Mna vichwa vya ng'ombe," akasema. Akaenda kupika samaki.

Mama kanywa mchuzi. Vijiko vinne. Kutoka kwa Ngolo.

Jumatatu, 22 Desemba
Jana na leo hajala tena. Mchuzi ule ulikuwa wa adabu tu, kwa ajili ya binti yake.

Pambo limekamilika. Tawi lililovunjika nimelifunga waya, halionekani. Sina furaha nalo.

Maduhu kanunua mashine ya kunyolea, kanyoa ndevu, kavaa shati safi, kakaa tu. Nimemuuliza anakwenda wapi. Hakuna mahali, kasema, anasubiri tu.

Jumatano, 24 Desemba
Wazo ni la Ngolo. Si langu. Kasema, kama haamini masikio, apelekwe macho.

Saa kumi jioni Maduhu kambeba Mama hadi kwenye bajaji. Mwepesi kama gunia la pamba lisilojaa. Ngolo kando yake, Maduhu upande wa pili. Mimi na pambo mapajani, nimekaa mbele na dereva, tumebanana. Njia nzima Mama kafumba macho. Nimejua baadaye alidhani ndiyo safari yenyewe.

Kanisani wamemkalisha benchi la mbele, Ngolo kamkumbatia asianguke. Nimepanda, nimeweka chombo kando ya madhabahu, nikakigeuza kidogo kushoto. Mwenyekiti wa akina mama akainamisha kichwa. "Mbona upande huu hujamaliza?" Nikasema nimemaliza.

Nilipogeuka, Mama kafumbua macho. Hakutazama maua. Alitazama chini ya madhabahu. Akatazama njia ya katikati. Akajitahidi kugeuza shingo mpaka mlangoni. Ngolo alielewa kabla yangu. Akamwambia sikioni, kwa sauti niliyoisikia:

"Hakuna, mayu. Hakuna jeneza."

Wakaingia watoto wa mazoezi ya igizo la Krismasi. Yusufu ana koti la baba yake, linaburura. Mariamu kamshika mwanasesere mguu mmoja, kichwa chini. Mwalimu wao akapiga kelele mtoto Yesu asishikwe hivyo. Mama akatoa sauti. Sikujua ni nini, mdomo wake umepinda. Alikuwa anacheka. Halafu akalia, muda mrefu, makamasi na yote, na Maduhu akatoka nje.

Nilikaa benchi lile lile, upande wa pili.

Kwenye bajaji kala nusu andazi.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi. Kanisa limejaa hadi nje. Watu wamepiga picha na pambo. Wengine wamesema zuri. Mama mmoja kauliza maua mengine yako wapi. Mchungaji, nadhani, hakuliona.

Pilau, kuku. Mama kala pilau laini, na supu. Maduhu kamlisha, halafu akachoka, akanipa kijiko. Kwangu pia Mama alikula.

Ijumaa, 26 Desemba
Ngolo kaondoka na basi la asubuhi. Kaniaga vizuri. Maduhu yuko kazini. Mvua kidogo, imekatika.

Nyumba kimya. Nilikuwa nakunja nguo. Mama kagonga ukingo wa kitanda kwa kiganja. Nikaenda nikidhani ni maji. Akavua kitambaa cha kichwani mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ikachukua muda. Nywele nyeupe, zimejifunga mafundo. Hata nikimwogesha kitambaa hakitoki; sikuwahi kuziona. Akainamisha kichwa mbele yangu.

Nikaleta kitana na mafuta. Nikakaa nyuma yake kitandani, mgongo wake kwenye kifua changu, kwa sababu hawezi kukaa peke yake. Nikaanza na mafundo ya chini, taratibu.