Masharubu ya Gundi Yataingiaje Sauna?

Bibi Hilja mpendwa, nishike mkono, nimefika pabaya,

Mimi ni mwimbaji wa tango, ule muziki wa dansi ya wawili wawili, sura yangu imebandikwa hadi kwenye makopo ya kahawa, siwezi kununua samaki bila kupigwa picha, wa kunikumbatia ni mamia ila wa kuniuliza kama nimekula hakuna, basi kiangazi hiki nikabandika masharubu ya bandia nikaenda ukumbi wa dansi wa mbali, nikajiita Reino, muuza vipuri vya matrekta, na ilipofika zamu ya wanawake kuchagua akaja Kaisu, dereva wa lori la maziwa, tukacheza nyimbo mbili kama ilivyo desturi, akanichagua tena Jumamosi nne zilizofuata, na siku moja ulipopigwa wimbo wangu akasema, "Huyu naye analia kama kondoo aliyenyolewa kwenye theluji," nikacheka hadi machozi, Bibi, miaka kumi sijacheka hivyo. Sasa amenialika sauna kwake Jumamosi hii, tukaoge mvuke. Gundi haivumilii mvuke. Nikienda masharubu yatadondoka, nisipoenda nitampoteza. Je, unaijua gundi iliyo imara?

Reino wa Uongo

Wewe Reino,

Barua yako nimesomewa mara mbili, ya pili nimeshika mbavu. Gundi! Mtu mzima upweke unamtafuna mifupa, yeye anauliza gundi!

Nakuhurumia, mwanangu. Makofi ya ukumbi mzima hayapashi kitanda moto. Lakini unalalamika watu wanapenda jina tu, kisha Kaisu wa watu unampelekea jina la kuokota!

Na hebu niambie: mwanamke acheze tango shavu kwa shavu Jumamosi tano, asinuse gundi? Anayejua kila mlio wa lori lake asiijue sauti yako? Mimi nadhani kwa maneno yale ya kondoo alikuwa anakutekenya useme mwenyewe. Kama nimekosea, basi ana haki ya kukasirika, nawe umeze.

Saunani haiingii pete, hakiingii cheo, seuze masharubu ya dukani. Nenda. Beba soseji za kuchoma. Ukifika barazani, kabla hajamwaga maji kwenye mawe ya moto mvuke upande, bandua masharubu mbele yake, taja jina lako, halafu nyamaza. Na usithubutu kuimba!

Akifunga mlango, rudi kwako ulie. Walau atakuwa amekufukuza wewe, si Reino. Akicheka, vua viatu uingie.

Bibi Hilja