Dakika Hamsini

Mwanangu mpendwa,

Nimefika nyumbani salama, ila ile tiketi ya ndege uliyonikatia ya kurudi imenitia aibu. Miaka ishirini na tisa nimeendesha basi kati ya mji wako na wetu, safari ya saa kumi na moja barabarani, nikijiona mwanamume. Jana nilitumia dakika hamsini. Hata usingizi haukupata nafasi.

Nilikaa dirishani nikaitafuta ile kona ya mlimani ambapo lazima ushushe gia. Niliona barabara kama uzi tu. Ndege ilipotua, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Mama aliyekaa pembeni yangu akaniuliza, "Baba, mguu unauma?" Nikamjibu, "Hapana, mama, nilikuwa namsaidia rubani."

Nilipomsimulia, mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapiga hesabu. "Kwa hiyo zile saa kumi nyingine," akasema, "miaka yote hiyo nilikuwa nakungoja bure?" Hata wewe ulizaliwa nikiwa nusu ya njia.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuwa kwako. Daktari wa macho amenikataza usukani. Leo asubuhi nimekabidhi funguo za basi, na moyo haukuuma kama nilivyodhani. Mama yako ameshaweka kiti changu barazani, kando ya chake. Kutoka kitandani hadi pale ni hatua saba, na leo nimefika chai ikiwa bado ya moto.

Ni mimi baba yako,
abiria