Routeur Ndani ya Kabati ya Chuma

Mama Valérie mupendwa, weye unayejibu barua za batu mu gazeti, mi naitwa Kisimba, karani wa zamani wa société ya mine, kampuni ya kuchimba madini, niko hapa Kapata, mu Kolwezi, na naomba musaada, lakini kwanza unicheke, sababu mi mwenyewe nimekwisha kujicheka mpaka bibi yangu wa ndoa, Numbi, ameniambia niache, haichekeshi tena.

Mwezi uliopita nilinunua routeur, kale kasanduku ka kuleta internet mu nyumba, sababu mutoto wetu Shekina alikuwa anatetea mémoire yake, kazi ya kumaliza masomo, ku université ya Lubumbashi, tungemuona papo hapo ku simu, na nilikuwa nimealika ba papa batano ba kanisa baje kuona kama Kisimba amezaa mutu. Muuzaji alitaka kunionyesha namna ya kukatengeneza, nikamwambia nimetumika bureau miaka ishirini, haitanishinda. Nikaingiza carte SIM, nikaipa réseau yangu, ile mutandao, jina KISIMBA PATRON, nikaandika mot de passe, ile neno ya siri, kwa chaki ku mulango ili nisiisahau, kisha, kwa kuogopa vumbi ya ba camion, yale malori ya mine, nikafungia kasanduku ndani ya kabati ya chuma niliyobeba kazini wakati société ilianguka, funguo nikatia mufukoni.

Siku ikafika, ba papa bamekaa na mashati meupe, Shekina akatokea, akafungua kinywa, na kinywa kikabaki wazi. Picha imeganda. Nikazima, nikawasha, nikainua simu juu kama padri anainua kikombe. Papa Ngeleka, mumoja wao, akauliza kama mutoto anaimba. Nikatazama ku simu: KISIMBA PATRON iko na mustari mumoja wa nguvu, lakini réseau ingine, KANKO, iko na mistari minne, mu nyumba yangu mwenyewe! Kanko ni Kankolongo, jirani yetu Mukasai, mutu wa jimbo ya Kasai, fundi wa umeme. Nikafikiri kama karani: yangu imepungua, yake imejaa, basi anavuta yangu. Mama, mi niliamini internet inavutwa ku ukuta kama maji ku bomba.

Nikatoka inje, nikalalamika kwa sauti kubwa:

"Ninyi Bakasai! Mulikula kazi yetu, sasa munaiba hata wifi? Gare ya treni iko pale, murudie kwenu!"

Avenue nzima ikageuka kunitazama.

Lazima nieleze. Mwaka 1993, wakati Bakasai balifukuzwa hapa Katanga, familia ya Kankolongo ilitolewa mu nyumba ya tatu kutoka kwetu, bakalala pa gare wiki tatu bakingoja treni, na dada yake mudogo alizikwa kandokando ya reli. Mi nilikuwa nyuma ya rideau, pazia ya dirisha, natazama. Sikupiga kelele, sikubeba kitu cha mutu, na miaka yote nilijihesabu mutu muzuri kwa sababu hiyo. Kankolongo alirudia Kolwezi akiwa mutu mukubwa, tukawa majirani, tukakula bukari, ugali yetu, sahani moja.

Bibi yake, Mbelu, alikuwa anaanika nguo. Akaanza kuzianua, zikiwa bado zinatona maji, anazikunja moja moja.

Kankolongo akatoka.

"Tata Kisimba, routeur iko wapi?"

"Mu kabati."

"Kabati ya mbao?"

"Ya chuma."

"Itoe mule. Iweke juu ya meza." Akaingia, akafunga mulango.

Nikaitoa, na mistari ikajaa. Shekina alikuwa anashukuru bazazi. Ba papa bakapiga makofi, na mi nilikuwa natazama waya ya nguo ya jirani, haina kitu.

Kesho yake Mbelu alienda na batoto kwa dada yake, mu mutaa wa Manika. Leo ni wiki mbili. Kankolongo anapita bila kunisalimia. Nilifikiri kutuma Numbi na mbuzi, ao kuandika pardon, kuomba musamaha, kwa SMS, hata nilitaka kubapa mot de passe yangu, kisha nikakumbuka beko na réseau yao, na inatembea muzuri kuliko yangu. Nifanye nini?

Kisimba, Kapata

*

Tata Kisimba,

Nilicheka mpaka pale ulitaja gare.

Tuanze na ile nyepesi. Chuma inazuia wifi. Acha routeur pahali wazi, juu kidogo, katikati ya nyumba. Ikikwama, chomoa, ngoja dakika moja, rudisha. Mot de passe ya ku mulango, pangusa, weka ingine. Imekwisha. Ungemusikiliza muuzaji, ingekwisha siku ya kwanza.

Sasa ile nzito. Usiniambie ulimi uliteleza. Wifi haikukufundisha yale maneno, ulikuwa nayo tangu nyuma ya rideau. Na Mbelu hakukasirika, baba, aliogopa. Mutu ambaye jamaa yake ilikwisha kufukuzwa hangoji kujua kama jirani anasema kweli ao ni hasira tu. Anakunja nguo.

Mbuzi hapana. SMS hapana. Numbi umuache, si yeye aliyetukana. Enda wewe mwenyewe Manika, muchana, mikono mitupu, umwambie Mbelu mbele ya dada yake: "Mwaka ule niliona familia ya bwana yako inatolewa, nikanyamaza. Sasa nimesema yale maneno ya bale balibafukuza. Nimekosa." Routeur usiitaje. Na usimuombe arudi, hiyo iko mu mikono yake. Kisha Jumapili usimame mu avenue, pale ulisimama ukitukana, ba papa batano bakiwa pale, sababu nao balisikia na hakuna mumoja aliyekuambia unyamaze, useme tena kwa sauti ileile, Kankolongo asikie na majirani bote basikie.

Nilikupigia simu kuuliza kama nifiche jina lako. Ulinijibu: "Mama, acha. Batu balinijua nikitukana, banijue nikiomba pardon." Pale nikaona kuko mutu wa kusaidia.

Basi vaa viatu. Mbelu akikatala kufungua, usimulaumu na usikae pa mulango kama polisi. Rudia nyumbani, na kesho kutwa uende tena.