Nani Ameingia Kisima Namba Mbili?

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeshuka tu kwenye pikipiki Kalobeyei, Nyadak amenidaka. Yeye ndiye mwenye funguo za bomba la nne, na pua yake haina mchezo. "Akaale, maji hii haina dawa. Siku mbili sasa. Mimi najua." Nikamwambia labda ana mafua. Nikapima – kweli, klorini hakuna kabisa! Watu wamekunywa hivyo hivyo tangu Jumamosi, kliniki pia. Aibu! Fundi mzima nafundishwa kazi na pua ya mtu.

Kioo cha mtambo kinasema dawa ilizimwa Jumamosi saa saba mchana. Aliyeingia: "fundi". Si mimi. Jumamosi nilikuwa Kakuma nafua nguo. Nimewasha tena.

Jumanne, 4 Februari

Nimepigia kampuni ya Nairobi iliyotufungia mtambo. Wao huingia kwenye mtambo wakiwa hukohuko, kupitia modemu yenye laini ya simu, wakarekebisha bila kula vumbi letu. Maryanne, injinia wao, kasema si wao. Basi "fundi" ni nani? Kasema jina ni moja, wote wanalitumia. Wote wangapi? Hajui vizuri. Na walioacha kazi? Ataulizia. Nikaomba orodha ya majina – eti hiyo ni siri ya kampuni. Siri! Maji yetu wanayafungua wanavyotaka, majina yao ndiyo siri.

Jumatano, 5 Februari

Lodwar, kwa bosi. Jasho, feni imekufa. Morgan kanisomea mkataba: tukikata njia yao, waranti imekwisha. Nisiguse kitu cha watu. Nikamuuliza, uliposaini uliuliza ni nani watakaoingia? Kasema aliuliza kama pampu ina nguvu.

Sikucheka. Siku ya kufunga mtambo waliniambia mimi nichague pasiwadi. Nikasema "kalobeyei", ili hata mlinzi asisahau. Nikaiandika kwa kalamu ya maka kwenye mlango wa paneli. Bado ipo! Na kuibadilisha siwezi, ni wao tu. Sijamwambia Morgan.

Alhamisi, 6 Februari

Saa sita mchana simu ya Nyadak, kelele tupu: watoto wanakohoa, macho yanawawasha. Dawa imepandishwa mara sita! Alishafunga bomba kabla sijasema neno. Foleni inamtukana kwa lugha tano, naye kasimama tu, funguo kifuani. Nimekimbia kwenye kibanda cha mtambo. "Fundi" tena. Nimechomoa laini kwenye modemu. Waranti na iende!

Tumemwaga tangi zima. Maji – Turkana, mwezi wa pili – tunayamwaga chini. Wachungaji wakasogea na mbuzi, nikawafukuza wasinyweshe. Mzee mmoja aliniangalia tu, akawageuza mbuzi wake. Nimelia. Sioni haya kuandika.

Baadaye Maryanne kanipigia kwa namba yake mwenyewe, sauti ya chini. Kuna mmoja aliacha kazi Novemba, anafanyia wateja wake sasa, na hakuna aliyemfungia njia. Pengine hata si mtu mbaya. Wateja wengine nao wana "Kisima 2" kama chetu, labda anakosea tu. Anakosea! Nimwambie nini yule mama ambaye mtoto wake hakuweza kufumbua macho?

Ijumaa, 7 Februari

Pampu imezima saa sita na robo. Kumbe mtambo usipoonana na Nairobi siku nzima unajifunga wenyewe. Hakuna aliyeniambia! Swichi ya mkono waliing'oa zamani, ili tusichezee.

Tangi: robo, na dawa yake nimepima mwenyewe, sawa. Foleni ya mitungi imefika kanisani. Morgan kapiga mara nne – rudisha laini ya watu! Maryanne kaahidi: akiingia tu, kwanza anabadilisha pasiwadi, kisha anafungua pampu. Dakika mbili. Nyadak kauliza huyo Maryanne namjua. Nikasema namjua sauti. Akatikisa kichwa, akarudi bombani kwake.

Nimekaa na laini mkononi nusu saa. Nikiiacha nje, kesho hakuna maji. Nikiirudisha, sijui nani anakuja nayo. Naogopa.

Saa nane na nusu. Nimeirudisha. Naandika nimesimama, daftari juu ya paneli, ili mkono upate kazi.

Taa ya modemu – kijani.

Kioo: "fundi" ameingia. Asante Mungu! Pampu inanguruma. Nje wanapiga vigelegele.

Nimempigia Maryanne kumshukuru. Anasema nimsubiri kidogo, kompyuta yake ndiyo kwanza inawaka.

Nyadak ananiita kutoka bombani. Anauliza, afungue?