Chande Mramba, Deni Lako la Turbini Limelipwa

Umetimia mwaka, Baba Sefu, tangu jeneza lako litoke uani petu hapa Msambweni, na mpaka leo mimi ninapika chai ya watu wawili. Usijisifu. Ni mkono tu haujapata habari.

Ulitumika kwenye turbini za gesi, kituo cha umeme kule ng'ambo ya Likoni, mpaka ukastaafu. Ulirudi unanuka mafuta, unapiga kelele kana kwamba sote tumesimama kando ya mtambo. Hata maneno ya mapenzi uliyasema kwa sauti ya kuita feri. Majirani wanayajua yote.

Ndege ikishuka Ukunda, ulikuwa unaweka kikombe chini, unasikiliza turbini zake, kisha unaniambia: "Injini kuukuu hiyo, Mwanarusi. Ndege mpya zina foleni ya wanunuzi, kwa hiyo hizi za zamani zitafunguliwa na kutengenezwa mpaka mafundi wakosekane." Meli ulizisikitikia: nyingi ni za dizeli, turbini zimebakia kwa manowari.

Na umeme je? Mwanetu Sefu alikucheka. "Baba, sasa ni jua na upepo. Kazi hiyo imekufa."

"Imesinzia," ukamjibu. "Wenye majumba ya kompyuta, yanayokula umeme usiku na mchana, wataiamsha."

Siku hizi redio yasema viwanda vya turbini vimezidiwa na maagizo. Nami humwongezea Sefu sauti, asije akapitwa.

Ulimwahidi mjukuu wetu Twaiba kwamba atasomea injini za ndege. Sefu, babake, akakataa katakata, akamtakia kazi ya mapokezi hotelini Diani. Ukatutoka hamjaelewana, na mtoto akabaki analia mara mbili.

Siku ya maziko, kabla hujatolewa, Sefu akasimama uani kama ilivyo desturi. "Mwenye kumdai marehemu aseme. Deni lake ni langu."

Mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu. Nikachungulia dirishani. "Twaiba anamdai. Ahadi ya chuo."

Kisha mtani wako Tsuma akapasuka: "Loo! Mjane gani huyu! Maiti haijatoka, ashaleta madai!"

Watu wakacheka huku wanalia. Sefu akalitazama jeneza, akanitazama mimi, akainamisha kichwa. "Nimelipokea, mama."

Sasa Twaiba anajifunza kazi kwenye karakana ya injini za ndege, na babake ndiye anayewatangazia watu msikitini. Juzi Twaiba alikuja kunitazama, ananuka mafuta. "SHIKAMOO BIBI!" Kuku wakatawanyika.

"Marahaba, mume wangu," nikamwambia. "Kaa." Ile chai ya pili akainywa yeye, kwa kikombe chako.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Mwanarusi, mwanao Sefu na mkewe Maimuna, mjukuu wako Twaiba, na Tsuma, aliyeniomba nisimtaje.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatukukusahau, wala hatutakusahau maisha. Ndege ikishuka Ukunda, sote twaweka vikombe chini.