Nilivyodai Basi Lirudi Busia

Alhamisi, Machi 1969

Leo nimewashinda madiwani, mimi niliyeishia darasa la nne! Lakini Mombasa nimefika, wao je?

Ndui imekwisha tangu mavuno, ila basi la Tororo bado limekatazwa kusimama hapa Busia. Kila wiki shangazi anakwenda hospitali ya Tororo kutazamwa macho yaliyoharibiwa na ndui, na anayembeba kwenye keria ya baiskeli ni mimi. Jana alizidiwa na uchovu, akaanguka. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Ndipo leo nikaingia barazani kudai basi lirudi. Mwenyekiti akaniuliza, "Wewe bwana, si unabeba watu kwa baiskeli? Basi likirudi utakula nini?"

"Nitakula ugali, mzee, kama wewe. Mlilikataza kwa sababu ya ugonjwa. Mgonjwa mpya yuko wapi? Nionyesheni, nimbebe bure!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akatangaza kwamba Jumatatu basi litasimama.

Shangazi amenichinjia kuku, akanipa firigisi kama mwenye nyumba. Nimekula, ila nina wasiwasi. Wenzangu wa baiskeli bado hawajui ni nani aliyelirudisha basi. Wakiniuliza nitasema kweli, lakini nitaisema nikiwa tayari juu ya baiskeli.