Aliyepaa Akarudi

Kawangware, 27 Julai 1975

Lusweti mwanangu,

Pokea salamu. Hapa tu wazima, isipokuwa mama yako, kifua kinambana. Wewe je, huko Kibera unakula?

Tangu Pasaka ile ulipokataa kuku wake mbele ya wageni, eti mimi niliyemchinja si Mwislamu, hajapika kuku tena. Nilikufukuza kwa hasira, nakubali. Lakini hasira yangu unaijua, haimalizi kikombe cha chai. Wewe yako imemaliza miezi minne.

Sasa nasikia mnamkumbuka Mtume wenu alivyopaa mbinguni usiku mmoja. Mimi mzee wa kanisa sikatai kupaa. Eliya alipanda gari la moto, nimelihubiri mara nyingi. Nauliza tu, wenu alifuata nini huko juu?

Baba yako,
Khaemba

Kibera, Makina, 6 Agosti 1975

Baba,

Salamu kwako na kwa mama. Mwili mzima, moyo ndio hautulii. Mara mbili nimetembea hadi Riruta, karibu kabisa na kwenu, nikageuka. Si hasira, baba. Naona aibu kumtazama mama.

Juzi maalimu alitusimulia kisa chote. Mwaka ule Mtume alikuwa amefiwa na mkewe, na ndugu wa baba yake aliyemlinda. Watu wa Taif wakampiga mawe mpaka miguu ikatoka damu. Hakuwa na pa kukimbilia. Ndipo Mungu akamchukua kutoka Makka hadi Yerusalemu, kisha mbingu moja baada ya nyingine. Alikutana na Ibrahimu, na Musa, na Yesu, ambaye sisi twamwita Isa. Watu wako hao. Akapewa swala hamsini kwa siku. Musa akamwambia arudi aombe apunguziwe, watu hawataweza. Akarudi tena na tena mpaka zikabaki tano. Maalimu anasema swala ndiyo safari yetu sisi tusioweza kupaa.

Eliya hakurudi, baba. Mtume alifika mahali ambapo hata malaika Jibrili alikomea nyuma, na bado akarudi kwa watu wale wale waliomcheka. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Mwanao,
Idrisa

Kawangware, 9 Agosti 1975

Lusweti,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara tatu, moja kwa sauti, mama yako akiwa kitandani. Huyo Musa wa kwenye kisa chenu amempenda sana.

Nisikilize. Kifua kimemzidi. Daktari anasema baridi ya Nairobi haimfai, kwa hiyo Jumamosi tarehe kumi na sita nampeleka nyumbani Kimilili, na sidhani atarudi huku. Kila mlango ukigongwa anauliza kama ni wewe. Nimechoka kumjibu.

Mtume wenu aliona mbingu saba akarudi nyumbani. Wewe umeona Kibera tu. Mbona hurudi?

Baba yako

Kimilili, 31 Agosti 1975

Mwanangu Idrisa, haya, jina lako jipya nimeliandika,

Salamu. Tulifika salama. Mama yako anakunywa uji kidogo, zaidi ya hapo hawezi.

Nakumbuka Ijumaa ile ulipokuja Kawangware kumuaga mama yako. Ulipoomba nafasi ya kuswali nilisimama kama mgeni nyumbani kwangu, mpaka mama yako akaniambia nisogeze meza. Nikasogeza. Uliposujudu ukakawia chini, akaninong'oneza, anataka kujua unamwambia Mungu nini. Mimi Kiarabu sijui. Nikamjibu, "Anakutaja wewe."

Tangu hapo kila mwanamke anayekuja kumwona anaambiwa kwamba mwanawe humtaja kwa Mungu mara tano kwa siku. Anafurahi, nami sipati usingizi. Sikuzoea kusema nisichokijua. Nilimdanganya? Nijibu upesi, hana nguvu.

Baba yako,
Khaemba

Kibera, 4 Septemba 1975

Baba,

Salamu kwenu nyote. Naja Jumapili, lakini barua hii itangulie.

Hukumdanganya. Mwambie hivyo leo hii. Ila siku ile niliwataja wawili, na aliyenikawiza chini ni wewe.

Mwanao,
Idrisa